Safari ya Ihembe na Nyoka Asiye na Kitu

Simu zimekuwa nyingi. Kila anayepiga anaanza kuulizia mkono, anamalizia na posa, na katikati ananiuliza kama ni kweli nilipeleka nyoka ukweni. Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, someni, na asiyejua kusoma asomewe. Mimi niliishia darasa la nne. Nikachunga ng'ombe wa watu, nikapanda kahawa kwenye shamba la kuazima, na leo nina kibanja changu cha migomba, nyumba ya matofali ya kuchoma na mashine ya kukoboa. Kwa hiyo anayetaka kusahihisha mwandiko wangu aje kwanza anionyeshe mashine yake.

Mambo ya posa yenyewe mnayajua, lakini niyaseme kwa kifupi. Kijana ni Edgar, mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimemlea mimi. Binti ni Jenista, wa Ihembe. Mara mbili tulipanga siku ya kwenda kwao na mara mbili hatukufika: kwanza tukapata msiba, halafu mvua ikakata barabara. Baba wa binti, Mzee Felisiani, akatuma neno kwamba mara hii tukishindwa, tukae kwetu, na yeye atawasikiliza wengine wanaobisha hodi. Msemaji wa upande wetu ni mimi. Edgar alikuja usiku wa kuamkia safari, akanipigia pasi kanzu yangu yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Basi, nikajua uzito wa safari.

Kibanjani, Songambele

Dereva alikuwa shemeji yangu Deusdedit, kaka wa mke wangu Anastazia, mfanyabiashara wa maharage. Pikapu ni yake, na ukikaa naye huwezi kumaliza chai kabla hajakukumbusha. Vitu vilikuwa tayari: rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye madumu, kitenge cha mama mkwe, na kikapu cha akamwani. Kwa wasio wa huku, akamwani ni kahawa ya kutafuna. Inachemshwa na maganda yake pamoja na majani ya harufu, inakaushwa, inafungwa kwenye jani kavu la mgomba kwa kamba ya mgomba. Mgeni akiingia ndani hapewi maneno, anapewa kwanza akamwani. Anastazia anavifunga vifurushi vyake vizuri hata ukitaka kufungua unaona huruma.

Ulibaki mkungu mmoja tu wa ndizi wa kuongeza juu ya mzigo. Nikachukua mhoro, lile panga letu lililopinda la migombani, nikaingia kibanjani nikiwa tayari nimevaa kanzu. Anastazia alinipigia kelele kuhusu kanzu. Nilikuwa nimeukata na kuushusha mkungu, nikawa navuta majani makavu yaliyoning'inia, ndipo nikamwona. Kijani, mwembamba, tumbo linaelekea manjano. Kwetu tunamwita nyoka wa vyura, kwa sababu anakaa penye mifereji anawasaka. Nikamshika.

"Shemeji!" Deus alikuwa ameshaingia kwenye gari na kupandisha kioo nusu. "Achana naye! Nyoka ni nyoka!"

"Huyu? Huyu hana kitu. Tangu mdogo nawashika."

Nikamsogelea ili amwone vizuri, maana Deus ni mtu mzima mwenye wajukuu na anaogopa hata mjusi. Nyoka akageuza kichwa akanishika hapa penye nyama, kati ya kidole gumba na cha shahada. Hakuuma kama mbwa. Alishika, akaanza kutafuna, taratibu, kama ng'ombe anayecheua. Na mimi sikumtoa. Nikamnyooshea Deus mkono hadi kwenye kioo, nyoka ananing'inia, nikamwambia, "Unaona? Hata meno hana!"

Deus akafanya ishara ya msalaba.

"Ninyi Wakatoliki," nikamwambia, "ishara mnaimaliza kabla ya hatari kufika."

"Na ninyi Walutheri mtakuja kuimba wimbo nyoka akiwa bado mkononi!"

Anastazia alikuja na mti, akanitazama kama anavyotazama mbuzi aliyeingia kwenye maharage. "Baba Edgar. Siku ya posa. Unacheza na nyoka."

Nikamvuta yule nyoka, akaachia kwa shida, Anastazia akampiga hadi akafa. Nikanawa. Vitundu vilikuwa vidogo, hata havikutisha. Lakini mke wangu ni mtu wa kufikiri mbele. Akasema mkono ukileta shida, daktari atauliza nyoka yuko wapi. Akamkunja, akamfunga kwenye jani kavu la mgomba kwa kamba ya mgomba, akampa Deus aweke garini. Deus hakutaka kukaa na kile kitu kiti cha mbele. Akakitia kwenye kikapu.

Mmeshaona kilichotokea. Mikono iliyofunga ni ile ile, jani ni lile lile, fundo ni lile lile. Sisi hatukuona.

Chai ya njia panda

Hatujaenda mbali nikaona damu kwenye kanzu. Tone moja, halafu jingine. Nilifuta, ikatoka tena. Haikuwa nyingi, lakini haikuwa na nia ya kukoma. Deus akasimamisha gari, akachuna utepe wa mgomba kwenye ule mkungu wetu, akanifunga kifundo cha mkono akavuta kwa nguvu zake zote, mguu umekanyaga mlango.

"Hapo," akasema. "Sumu haipiti."

"Sumu gani? Nimekwambia hana kitu."

"Basi hakuna kitu kitakachopita."

Njia panda tukaingia kwenye mgahawa, kwa sababu mimi sisafiri na njaa kwa ajili ya nyoka. Chai ya maziwa, chapati, na maharage yaliyolala yakapashwa moto, ambayo ndiyo matamu. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kujaa na kuwasha, kuwasha kwa ndani mahali ambapo huwezi kujikuna. Nikashika chapati kwa kushoto. Mama mwenye mgahawa akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mzee, shikamoo. Hapa tunakula kwa mkono wa kulia."

"Marahaba. Wa kulia umeng'atwa na nyoka."

Ningesema nimeng'atwa na mbu angenionea huruma zaidi. Watu wote wakaacha vikombe. Mmoja akaniambia nipake petroli. Mwingine, jiwe jeusi la kunyonya sumu, shangazi yake analo, si mbali, ni kupanda tu mlima. Mwingine akasema ninywe mayai mabichi. Mzee mmoja pembeni akauliza nyoka alikuwa rangi gani, nikamwambia kijani, wa vyura, akacheka hadi chai ikamwingia puani.

"Yule? Yule alinipiga mguuni mwaka juzi, nikaendelea kupalilia. Hata mke wangu sikumwambia."

"Unasikia?" nikamwambia Deus.

"Nasikia," Deus akasema. "Lakini wewe mkono wako naona unafanana na kiazi kitamu."

Na kweli. Saa yangu ya mkononi, ile niliyojinunulia mwenyewe nilipouza kahawa yangu ya kwanza, mkanda wake ulikuwa umezama kwenye nyama. Nilijaribu kuivua chini ya meza mtu asione. Haikutoka. Kichwa kikaanza kugonga na chapati ikaanza kutafuta njia ya kurudi. Nikamwambia Deus tuondoke, watu wa Ihembe wanatusubiri.

Bondeni

Kuna bonde moja njiani ambalo mvua ikinyesha hata kidogo linakuwa uji. Pikapu ya Deus, ambayo kwa maneno yake haijawahi kukwama tangu izaliwe, ikakwama. Deus akakanyaga mafuta, matairi yakazunguka, matope yakaruka hadi kwenye kitenge cha mama mkwe.

Akatokea mzee mmoja kwa miguu. Koti zuri, suruali ameikunja magotini, na viatu vyake vya Jumapili amevifunga kamba na kuvivaa shingoni. Akavua koti, akalitundika kwenye kichaka, akaingia kwenye matope bila kuombwa. Akaenda akakata migomba iliyokwisha kuzaa, akaipanga chini ya matairi, akamwelekeza Deus geuza hivi, rudi nyuma, sasa njoo. Gari likatoka.

Halafu akaja dirishani kwangu, akaanza kunisalimia. Sasa, wa huku mnajua salamu yetu. Si neno moja. Mnaulizana mmeamkaje, na wa nyumbani wameamkaje, mnatoka wapi, wewe ni wa nani, wa ukoo gani, babu alihamia kutoka wapi, na mkifika mwisho mara nyingi mmegundua mmeoleana mahali. Yule mzee alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa watu wa nyumbani wameamkaje. Na mimi, mkono unapiga kama ngoma, nikamkata.

"Mzee wangu, asante sana, tuna haraka."

Alinitazama tu. Nikaona aibu kidogo, nikamwambia Deus ampe kifurushi cha akamwani. Deus akachukua kimoja kikapuni, akampa. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akakitia mfukoni mwa koti. Tukamwacha pale akijifuta miguu kwa majani. Hata kumpa lifti hatukumpa, kwa sababu nyuma kulikuwa na madumu na mbele kulikuwa na mkono wangu.

Zahanati, Nyabiyonza

Nyabiyonza Deus akakata kona bila kuniuliza.

"Ihembe si huku."

"Najua."

"Deus, wazee wameshakaa."

"Wakae. Dada yangu akiniuliza nimekupeleka wapi, nitamwambia nini? Nilimpeleka mumeo kuposa akiwa maiti?"

Nilimtukana, lakini kwa sauti ndogo, kwa sababu kichwa kilikuwa kinauma.

Tabibu aliyekuwepo alikuwa binti wa Muleba, nilimjua kwa matamshi. Alinipa shikamoo nzuri, akaniita baba, kisha akauona ule utepe wa mgomba, salamu ikaishia hapo.

"Nani amefunga hivi?"

"Mimi," Deus akasema, kwa fahari.

"Ulikuwa unafunga mkono au unafunga mkungu?"

Akaukata. Mkono ulikuwa na mfereji, na vidole vilikuwa vya rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliye hai. Saa akaikata mkanda pia. Nilimwomba asiikate, akaikata. Akasema ya nyoka mwenyewe bado hayajui, lakini nusu ya uvimbe ule ni wa shemeji.

Akaniuliza nyoka gani. Nikamwambia wa vyura, hana kitu. Akauliza alikaa mkononi muda gani. Nikasema kidogo.

"Alikaa hadi akashiba," Deus akasema.

"Hukumtoa?"

"Nilikuwa namwonyesha shemeji," nikasema. Alinitazama, na mimi nikatazama ukutani, kulikuwa na picha ya mama ananyonyesha.

Kisha akaeleza, na alieleza vizuri. Wapo nyoka ambao watu wote wanasema hawana sumu, na ni kweli hawaui mtu kwa kawaida. Lakini mate yao si maji. Meno yenye kazi yako nyuma ya mdomo, kwa hiyo akigusa na kuachia huoni kitu, ndiyo maana yule mzee wa mgahawani aliendelea kupalilia. Akiachiwa atafune, ndipo mate yanaingia, na unapata kuvimba, kuwashwa, damu kuchuruzika, kichwa. Na miili haifanani. Mwingine anavimba mkono, mwingine hata kupumua kunamshinda.

"Hilo halinitishi sana kwako," akasema. "Linalonitisha ni kwamba yuko kijani mwingine, wa mitini, ana macho makubwa. Huyo damu inakataa kuganda, na mtu anakaa siku nzima anajiona mzima. Nyoka mwenyewe mmemwona vizuri?"

"Tunaye!" Deus akaruka. Hapo ndipo alipojiona mtu. Akakimbia garini, akarudi na kifurushi, akakiweka mezani kama anaweka mfupa wa mtakatifu. Binti akavaa glavu. Akarudi nyuma hatua, akafungua fundo polepole kwa koleo.

Kahawa.

Akaokota punje moja kwa koleo, akaitazama. "Huyu kweli hana sumu," akasema.

Deus akarudi kikapuni, akafungua kifurushi kimoja baada ya kingine juu ya boneti, mimi namwona dirishani. Kahawa. Kahawa. Kahawa. Alipofungua cha mwisho akashika kichwa, akaja mlangoni, na wote wawili tukafikiria mtu mmoja: yule mzee mwenye viatu shingoni.

"Mungu wangu," Deus akasema. "Tumempa mtu nyoka kwa shukrani."

Binti hakucheka. Akavuta damu mkono wa pili, akaitia kwenye kichupa kikavu cha kioo, akakisimamisha dirishani. Akasema kisiguswe. Baadaye atakilaza. Damu ikiwa imeshikana, ni vizuri. Ikitiririka kama chai, Ihembe siendi, natafutiwa gari la hospitali.

Nimesubiri mambo mengi maishani. Nimesubiri bei ya kahawa, nimesubiri mke ajifungue, nimesubiri mvua. Sijawahi kusubiri kichupa. Deus alipiga simu Ihembe kusema tuko njiani, nikasikia mtu upande wa pili anasema, "Njia hiyo hiyo ya siku zote?" Akakata. Nikamfikiria Edgar na pasi yake. Nikafikiria pia, msinicheke, nani atakoboa kahawa yangu. Mkono ulikuwa unawasha na sikuukuna.

Binti akaja akakichukua kichupa, akakilaza. Damu ikabaki pale pale, kama uji uliopoa.

Deus akafanya ishara yake ya msalaba na safari hii sikumtania.

Binti akasema kama ningekuwa baba yake angenilaza. Nikamweleza kuhusu Ihembe, neno la Mzee Felisiani, mara mbili tulizoshindwa. Alisikiliza, akatoka akampigia mkubwa wake wa hospitali, akarudi na masharti. Nikaseme yangu Ihembe, nisinywe pombe hata tone, mkono uwe juu, nirudi kwake kabla jua halijazama apime tena. Nikiona damu kwenye fizi au kwenye mkojo, nisirudi kwake, niende moja kwa moja hospitali. Akanichoma sindano ya pepopunda, akanipa dawa ya maumivu, akaninyang'anya nyingine niliyokuwa nayo mfukoni, akisema hiyo inazidisha kutoka damu. Akanifunga mkono bandeji kubwa na kuuning'iniza shingoni.

"Na huyo mzee mtafuteni," akasema. "Nyoka namtaka. Na yeye asimguse kichwani hata kama amekufa."

Ihembe

Tulipoingia uani kwa Mzee Felisiani, watu walikuwa wamekaa na wamechoka kukaa. Kanzu yangu ina matone ya damu, kitenge cha mama mkwe kina matope, msemaji ana mkono shingoni. Tukaonyeshwa mahali. Nikakaa, nikainua macho, na mkabala wangu, karibu na baba wa binti, ameketi yule mzee wa bondeni. Viatu sasa viko miguuni, vinang'aa.

"Huyu ni Sospeteri," Mzee Felisiani akasema. "Mjomba wa Jenista. Bila yeye hapa hakuna binti anayetoka."

"Tumeonana," Mzee Sospeteri akasema. "Hawa ndio walionikatiza salamu. Nikajiuliza ni watu gani hawa wenye haraka kuliko kusalimia. Kumbe walikuwa wanaharakisha kuja kwangu."

Watu wakacheka, lakini si kile kicheko kizuri.

"Lakini nisiwaonee," akaendelea. "Walinipa akamwani. Sikuifungua njiani. Nilisema nitaifungua mbele ya watu, tuone mkono wa waliotoa ukoje." Akatoa kifurushi mfukoni, akakiweka juu ya goti, akaanza kulegeza fundo la Anastazia.

Deus akanikanyaga mguu. Nilijua alichotaka. Alitaka nianguke, nizimie, nifanye lolote. Mimi si mtu wa kuzimia.

"Mzee wangu, usifungue."

"Kwa nini? Umeijutia?"

"Humo hamna kahawa. Mna nyoka."

Nawaambia, hata kuku walinyamaza. Mwanamke mmoja akavuta mtoto wake nyuma. Mzee Sospeteri akatazama kifurushi, akatazama mfuko wa koti lake, akaugusa kwa vidole viwili.

"Nimetembea naye kutoka bondeni?"

"Amekufa, lakini," Deus akasema.

"Deus, nyamaza."

Nikasimama. Nilijua mtu anayeleta nyoka ukweni anafikiriwa nini, na si mambo ya kusemea ukiwa umekaa. Nikasema yote kama nilivyowaandikia hapa. Mkungu, kutafuna, kioo cha gari, utepe wa mgomba, kichupa dirishani. Nikanyanyua mkono wakauona. Sikuomba radhi kwa maneno mengi. Nilisema, "Mlisema mara ya tatu tusipofika tukae kwetu. Nimefika. Nyoka hakuwa zawadi. Zawadi ziko garini."

Mzee Felisiani aliutazama mkono wangu. Kisha akauliza, "Na daktari amekuruhusu kuja?"

"Ameniruhusu kuja. Hajaniruhusu kulala huku."

Mzee Sospeteri alikuwa bado anakitazama kifurushi. "Ungenisalimia vizuri pale bondeni," akasema, "ningekuuliza unakwenda wapi. Ungesema Ihembe, kwa Felisiani. Ningekwambia mimi ni nani. Ningepanda gari, huyu nyoka angekuwa mikononi mwenu na mimi nisingekuja kwa miguu."

"Ni kweli," nikasema. Kwa sababu ilikuwa kweli.

"Basi nisalimie sasa."

Nikamsalimia. Nimesimama, kichwa kinagonga, mbele ya ua mzima. Nikaanza na mmeamkaje. Nikaenda kwa wa nyumbani, ng'ombe, migomba, mvua. Nikataja ukoo wangu na mnyama tusiyemla, baba yangu, babu yangu na kijiji alichohama na sababu ya kuhama. Yeye akajibu yote, hakuniachia hata moja, na alipofika kwa babu zake akarudia wawili makusudi, namjua sasa, ni mtu wa hivyo. Deus alihesabu nzi. Tulipofika mwisho, bibi mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Waitu, jamani, angalau sasa tunajua tumepewa nyoka na nani," na kile kicheko kizuri kikaja.

Kikaletwa kisahani cha akamwani, cha kwao. Kikaja kwangu kwanza. Na hapa, rafiki zangu, ndipo nilipoogopa kuliko kwenye kichupa. Akamwani ya posa inapokelewa kwa mkono wa kulia. Kuipokea kwa kushoto ni kuwaambia wenye nyumba kwamba huwaheshimu, na mtu anaweza kufunga mazungumzo hapo hapo bila lawama. Vidole vyangu vya kulia vilikuwa ndani ya bandeji, havikunji. Nikanyoosha wa kushoto. Ukasimama hewani.

"Wa kulia umenishinda," nikasema.

Mzee Sospeteri akaegemea mbele. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, mbele ya watu wote, akachukua punje, akatia mdomoni. Mzee Felisiani akamtazama, akafanya vile vile. Halafu kisahani kikazunguka, na ua mzima, wazee, wajomba, yule bibi wa nyuma, wote wakachukua kwa kushoto. Deus, ambaye mikono yake yote ni mizima, akakosea akapeleka wa kulia. Wakampiga kofi la kiganjani.

Na mimi nikachukua. Niliitafuna ile kahawa hadi ikawa maji.

Mazungumzo yenyewe siyaandiki, yalikwenda kama yanavyokwenda. Tulikubaliwa. Tukala ndizi za kupikwa na nyama, na senene, wale panzi wetu wa kukaanga, waliotunzwa tangu msimu. Mama mkwe alinikatia nyama vipande vidogo vidogo kama mtoto, na nilikubali. Rubisi yangu mwenyewe niliitazama watu wakiinywa.

Kurudi kwa njia ile ile

Tulirudi Nyabiyonza jua bado liko juu ya mlima, na kifurushi tumekiweka peke yake ndani ya ndoo. Yule tabibu aliposhika koleo akatuuliza, "Sasa hivi ni kahawa au nyoka?" Akafungua, akampiga picha kila upande, akamtumia mtu anayewajua. Akanipima tena, kichupa kingine pale pale dirishani. Damu ikashika. Jibu la picha likaja: ni wa vyura. Nililala pale pale zahanati, kwa amri yake, na asubuhi akapima mara nyingine akaniachia.

Mkono ulikaa umevimba siku kadhaa, ukawa wa zambarau, halafu wa manjano, halafu ngozi ikachunika. Mpaka leo naandika na kidole gumba kinawasha nikigusa maji baridi. Damu ilikoma yenyewe. Anastazia hanisemi kitu, ila vifurushi vya akamwani siku hizi anavifunga kwa uzi mwekundu. Ninyi mnaowashika kijani wa migombani kwa kuonyesha watu, mwacheni apite. Na akiwashika, msimngoje ashibe, na msimwite Deusdedit awafunge.

Edgar anajenga. Harusi ni baada ya mavuno.

Na Mzee Sospeteri ananipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Ananisalimia salamu nzima, tangu mmeamkaje hadi babu zake wote, wale wawili akiwarudia. Simkatizi. Nakaa kwenye kiti nje, nashika simu kwa mkono wa kushoto, namjibu yote.